Ralph Bunche: Mwanafunzi wa Kiswahili Aliyepatanisha Mataifa

Utangulizi

Jijini Nairobi, karibu na Hospitali ya Nairobi, kuna barabara iitwayo Ralph Bunche. Maelfu ya watu huipita kila siku wakienda kazini, hospitalini au vyuoni. Hata hivyo, ni wachache, hata miongoni mwa wanavyuo, wanaoweza kueleza mwenye jina hilo alikuwa nani na alistahili vipi kuwekwa katika ramani ya jiji letu. Makala haya yananuia kuyasimulia maisha yake kwa ufupi na kudondoa mafunzo yanayotuhusu sisi wasomi wa Kiswahili.

Tumemteua Bunche kwa sababu mbili. Kwanza, taaluma ya amani na utatuzi wa migogoro imeota mizizi katika vyuo vikuu vyetu. Haja ya kuisoma ilidhihirika zaidi baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, ambapo watu 1,133 walipoteza maisha kwa mujibu wa tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki. Bunche ni mmoja wa watu walioiishi taaluma hiyo kabla haijapewa jina. Pili, na hili halijulikani sana, Bunche aliwahi kuketi kama mwanafunzi wa Kiswahili, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta.

Hoja yetu kuu ni kwamba upatanishi si karama ya kuzaliwa nayo tu. Ni kazi ya kusoma: kusoma watu, kusoma lugha na kusoma hati. Aidha, ni kazi yenye mipaka yake, na maisha ya Bunche yanaidhihirisha mipaka hiyo bila kuficha.

Malezi na Elimu

Ralph Johnson Bunche alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 mjini Detroit, katika jimbo la Michigan, nchini Marekani. Vitabu vingi hutaja mwaka 1904, ambao yeye mwenyewe alizoea kuutumia. Babake alikuwa kinyozi na mamake mpenzi wa muziki. Familia ilihamia Albuquerque kwa matumaini kwamba hali ya hewa ya huko ingewafaa wagonjwa wake, lakini mama akafariki mwaka 1917. Malezi ya Ralph na dadake yakawa mikononi mwa nyanya yao, Lucy Johnson, aliyewapeleka Los Angeles.

Nyanya huyu hakuwa na mali, ila alikuwa na msimamo. Alipogundua kwamba mjukuu wake amewekwa shuleni katika mkondo wa kazi za mikono, alikwenda kudai apewe masomo ya kumwandaa kuingia chuo kikuu. Dai hilo moja lilibadilisha mkondo wa maisha ya kijana. Mwaka 1927 alihitimu shahada ya kwanza katika tawi la Chuo Kikuu cha California lililokuja kujulikana kama UCLA, akiwa wa kwanza katika darasa lake. Alikuwa amejilipia masomo kwa ufadhili wa michezo na kwa kufanya kazi ya usafi.

Alipopata nafasi ya kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Harvard hakuwa na fedha za kumwezesha kwenda. Jamii ya watu weusi wa Los Angeles ilichanga dola 1,000 ili asafiri. Sisi Wakenya tunalijua jambo hilo kwa jina la harambee, na tunajua mzigo anaobebeshwa mtoto aliyechangiwa na kijiji kizima. Bunche aliubeba. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1928, mwaka huohuo akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, ambako aliasisi idara ya sayansi ya siasa. Mwaka 1934 alihitimu shahada ya uzamifu, akiwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata katika sayansi ya siasa. Tasnifu yake ililinganisha utawala wa Wafaransa katika Togo na Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin. Ilituzwa na Harvard kuwa bora katika fani yake.

Ikumbukwe kwamba wakati huo hapakuwa na mahali ambapo mtu angesomea shahada ya amani. Manchester College, chuo kidogo katika jimbo la Indiana, kilianzisha programu ya namna hiyo mwaka 1948. Idara mashuhuri ya Bradford nchini Uingereza ilianzishwa mwaka 1973, miaka miwili baada ya kifo cha Bunche. Kwa hiyo mtaala wa amani alijitungia mwenyewe, kipande baada ya kipande.

Kiswahili cha London na Jina la Kiambu

Kipande muhimu cha mtaala huo alikipata kati ya 1936 na 1938. Akiwa tayari msomi wa uzamifu, Bunche aliamua kurudi darasani ili ajifunze anthropolojia. Alisoma kwa Melville Herskovits katika Chuo Kikuu cha Northwestern, kwa Bronislaw Malinowski katika chuo cha uchumi na siasa cha London, na kwa Isaac Schapera huko Cape Town. Alitaka kuacha kuwatazama Waafrika kupitia faili za wakoloni na badala yake awasikilize wenyewe.

London ndiko alikokutana na Kenyatta, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Malinowski na alikuwa akikiandaa kitabu chake kuhusu Wagĩkũyũ kilichochapishwa mwaka 1938. Bunche alichukua masomo ya Kiswahili kutoka kwake. Jambo hili linastahili kutafakariwa. Mmarekani mweusi, profesa chuoni kwake, anaketi mbele ya mhamiaji wa Kiafrika ambaye serikali ya Kiingereza ilimshuku, ili afundishwe lugha ya Afrika Mashariki. Ujuzi alioupata haukumfanya mlumbi. Thamani yake ilikuwa katika adabu ya kuanza: kwamba anayetaka kuwaelewa watu huanza kwa kukubali kusahihishwa nao katika lugha yao.

Baada ya kukaa Afrika Kusini, ambako aliweka shajara iliyochapishwa baada ya kifo chake, Bunche alifika Kenya mwaka 1938. Alipokelewa na Wagĩkũyũ wa Kiambu, akiwemo Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu. Alihudhuria sherehe za jando, akazipiga picha na kuandika makala ya kitaaluma kuzihusu iliyochapishwa mwaka 1941. Wenyeji wake walimpa jina la Kariuki, yaani aliyefufuka au aliyezaliwa upya. Maana yake haikufichika. Mtu ambaye mababu zake walivukishwa bahari kama bidhaa alikuwa amerejea akiwa hai.

Nguvu ya Hati

Vita Vikuu vya Pili vilimtoa Bunche darasani na kumwingiza katika utumishi wa serikali ya Marekani, kwa kuwa ni wachache nchini humo walioifahamu Afrika kama yeye. Mwaka 1945 alikuwa San Francisco, mahali ulipoandikwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Huko alishiriki kwa kiasi kikubwa kuandika sura zinazohusu maeneo yasiyojitawala na mfumo wa udhamini.

Msomaji anaweza kudhani kwamba sura za mkataba ni maneno makavu. Tanganyika inatufundisha vinginevyo. Kwa kuwa ilikuwa nchi ya udhamini, wakazi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao mbele ya Baraza la Udhamini, haki ambayo majirani wao wa koloni la Kenya hawakuwa nayo. Mnamo Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya baraza hilo huko New York na kueleza madai ya TANU. Mlango alioupitia ulikuwa umechongwa kwa maneno miaka 10 kabla, na Bunche alikuwa mmoja wa wachongaji.

Sifa hii ya uandishi ilimfuata hadi Palestina. Mwaka 1947 alitumwa pamoja na kamati maalumu ya Umoja wa Mataifa kuhusu suala hilo. Wanakamati waligawanyika: wengi walitaka nchi igawanywe, wachache wakataka shirikisho. Bunche alisaidia kuiandaa ripoti ya walio wengi na ile ya walio wachache. Uwezo wa kuieleza hoja usiyoiunga mkono mpaka mwenyewe aikubali kuwa ni yake ndio msingi wa upatanishi.

Kisiwa cha Rhodes

Mei 1948 Israeli ilijitangaza kuwa taifa na vita vikazuka kati yake na nchi jirani za Kiarabu. Umoja wa Mataifa ulimteua Folke Bernadotte wa Uswidi kuwa msuluhishi, na Bunche akawa msaidizi wake mkuu. Tarehe 17 Septemba 1948, Bernadotte alipigwa risasi mjini Jerusalem na wanamgambo wa Kiyahudi wa kundi la Lehi. Bunche alitarajiwa kuwa pamoja naye katika gari hilo, lakini alichelewa kufika. Afisa wa Kifaransa, André Sérot, aliyeketi kando ya Bernadotte, aliuawa pia. Kazi ya marehemu ikamwangukia Bunche.

Mazungumzo kati ya Misri na Israeli yalifunguliwa tarehe 13 Januari 1949 katika hoteli moja kwenye kisiwa cha Rhodes. Mwanzoni Wamisri hawakuwa tayari kuketi na Waisraeli kana kwamba wanaitambua nchi yao. Bunche hakubishana nao kuhusu kanuni. Alikutana na kila upande peke yake, akapeleka na kurudisha rasimu, kisha akawakutanisha pale tu palipokuwa na jambo lililokaribia kukubalika. Alianza na mambo madogo ya utaratibu na kuwataka wayatie sahihi. Lengo lake lilikuwa wajumbe wazoee kukubaliana kabla hawajafika kwenye mambo mazito, kama vile hatima ya kikosi cha Wamisri kilichozingirwa huko Faluja, ambamo alikuwemo afisa kijana aliyeitwa Gamal Abdel Nasser.

Vikao viliendelea hadi usiku wa manane. Katikati yake Bunche alicheza nao mchezo wa biliadi, maana alijua kwamba watu waliocheka pamoja huona haya kidogo kuvunja mazungumzo. Inasimuliwa pia kwamba aliagiza mapema sahani za ukumbusho zilizoandikwa jina la mazungumzo hayo. Baada ya sahihi kutiwa aliwagawia wajumbe, na alipoulizwa angezifanyia nini iwapo wangeshindwa kuafikiana, akatania kwamba angewavunjia vichwani.

Misri ilitia sahihi tarehe 24 Februari 1949, wiki sita baada ya kuanza. Lebanoni ilifuata tarehe 23 Machi, Yordani tarehe 3 Aprili, na Siria tarehe 20 Julai. Mwaka 1950 Bunche alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Alikuwa amekusudia kuikataa kwa kuwa aliamini kwamba watumishi wa Umoja wa Mataifa hawatafuti amani kwa ajili ya tuzo, lakini Katibu Mkuu Trygve Lie akamtaka aipokee.

Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kutua. Hati za 1949 hazikuwa mikataba ya amani. Zilikuwa mikataba ya kusimamisha vita, na ule wa Misri ulieleza bayana kwamba mstari uliochorwa haukuwa mpaka wa kisiasa na haukuondoa dai la upande wowote. Uangalifu huo wa maneno ndio uliowezesha sahihi kupatikana. Lakini ndio pia ulioacha kiini cha mgogoro bila kuguswa. Wapalestina wapatao 700,000 waliokuwa wamepoteza makwao hawakuwa na ujumbe wao mezani. Misri ilichukua miaka 30 kufikia mkataba wa amani na Israeli, na Yordani miaka 45. Bunche hakulipuuza hilo: katika hati zake kusimamisha vita kulikuwa daraja la kuvukia kwenda kwenye amani. Waliopewa daraja walijenga nyumba juu yake.

Kongo na Lawama za Msuluhishi

Mwaka 1956, baada ya vita vya mfereji wa Suez, Bunche alishika usukani wa kuunda kikosi cha kwanza kikubwa cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Kofia na helmeti za buluu tunazozihusisha na askari wetu wanaotumwa ng'ambo zilianzia hapo.

Jaribio lake gumu zaidi barani Afrika lilikuwa Kongo. Alifika Leopoldville kwa sherehe za uhuru za tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye jeshi liliasi, Ubelgiji ikaingiza askari wake, na tarehe 11 Julai jimbo la Katanga likajitangaza kujitenga chini ya Moise Tshombe. Bunche ndiye aliyeongoza operesheni ya Umoja wa Mataifa katika wiki zile za kwanza. Tarehe 4 Agosti alikwenda Elisabethville, mji ambao sasa ni Lubumbashi, kupima kama askari wa Umoja wa Mataifa wangeweza kuingia. Alikuta vitisho vya mapigano, akashauri waahirishe.

Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuona ushauri huo kuwa usaliti. Kwake, kila siku ya kusubiri iliipa Katanga nguvu. Kwa Bunche, kikosi cha amani kinachoingia kwa kupigana kimeacha kuwa kikosi cha amani. Mahusiano yao yaliharibika, na mwishoni mwa Agosti Bunche akaondoka. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu aliyekuwa rafiki wa Bunche, alifariki katika ajali ya ndege karibu na Ndola mnamo Septemba mwaka huo akiwa safarini kukutana na Tshombe.

Wapo Waafrika ambao hawakumsamehe Bunche kwa ajili ya Kongo, na hoja yao ina uzito. Kutoegemea upande kati ya serikali iliyochaguliwa na jimbo lililojitenga kwa msaada wa askari wa kigeni ni msimamo ambao una matokeo yake. Lakini swali alilokabiliana nalo halijaondoka katika taaluma ya amani: je, mpatanishi atumie nguvu lini, na akizitumia, abaki mpatanishi wa nani? Mwanafunzi wa taaluma hii anayesoma mafanikio ya Rhodes bila kusoma uchungu wa Kongo atakuwa amesoma nusu ya somo.

Isitoshe, Katanga ina funzo la lugha. Kiswahili kilikuwa lugha ya migodi na mitaa ya Elisabethville, ilhali shughuli za serikali ziliendeshwa kwa Kifaransa. Walioathiriwa zaidi na maamuzi walikuwa mbali na lugha ya maamuzi.

Mpatanishi Asiye na Amani Nyumbani

Bunche alikuwa mgeni wa heshima katika miji mingi duniani, ila si daima katika nchi yake. Mwaka 1949 alikataa cheo kikubwa katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani kwa kuwa hakutaka kuirudisha familia yake katika ubaguzi wa Washington. Mwaka 1954 alihojiwa na bodi iliyochunguza uaminifu wa raia kwa nchi, kisha akaondolewa shaka zote. Mwaka 1959 klabu moja ya tenisi jijini New York ilimnyima mwanawe uanachama kwa sababu ya rangi. Kwa upande mwingine, baadhi ya vijana wanaharakati weusi walimwona kuwa mtu aliyetulia mno miongoni mwa wakubwa.

Alijibu kwa vitendo. Machi 1965, akiwa tayari amedhoofishwa na kisukari na macho yakififia, alitembea katika safu za mbele pamoja na Martin Luther King katika maandamano ya kutoka Selma kwenda Montgomery. Miaka miwili baadaye alishuhudia kikosi alichokiunda mwaka 1956 kikiondolewa kwa matakwa ya Misri, na vita vya Juni 1967 vikafuata. Alistaafu mwaka 1971, na akafariki jijini New York tarehe 9 Desemba mwaka huohuo.

Hitimisho

Maisha ya Bunche yanatuachia mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba mpatanishi hujengwa na elimu pana: siasa, anthropolojia, historia na lugha. Chuo kikuu kinachofundisha utatuzi wa migogoro bila kuishirikisha idara ya Kiswahili kinamnyima mwanafunzi nyenzo atakayoihitaji siku ya kwanza kazini.

La pili ni kwamba amani huandikwa. Mkataba wa tarehe 28 Februari 2008, uliozima moto wa baada ya uchaguzi nchini kwetu chini ya upatanishi wa Kofi Annan, uliandikwa kwa Kiingereza. Lakini upatanisho wenyewe, kati ya jirani aliyechomewa nyumba na jirani anayedhaniwa kuichoma, ulihitaji kufanyika katika mabaraza ya machifu, misikitini, makanisani na sokoni, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama. Katika mazingira hayo, tofauti kati ya kusimamisha mapigano, mapatano, suluhu, maridhiano na amani si ya kamusi tu. Mtu anayeahidiwa maridhiano akapewa usitishaji wa mapigano amedanganywa, hata kama hakuna aliyekusudia kumdanganya. Ni nani atakayeziainisha istilahi hizi na kuzitolea mifano ya matumizi, kama si sisi? Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kazi ya kukiwezesha kuubeba mzigo huo ni yetu.

La tatu ni unyenyekevu. Bunche alifaulu Rhodes, akakwama Kongo, na akaishi kuona baadhi ya alichokijenga kikibomoka. Hata hivyo, watu ambao wangekufa mwaka 1949 hawakufa, na hilo si jambo dogo. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafiti lugha ya baraza moja la kijiji, au anayetafsiri kwa uaminifu mkataba mmoja wa mapatano kati ya jamii mbili za wafugaji, ameanza kazi ileile aliyoianza profesa yule wa Howard alipokubali kufundishwa salamu na Kenyatta.